Chaki Kabla ya Mkasi

Fomu ilikuwa na kurasa mbili, na Chaki alizipitia kama mtu anayekula samaki mwenye miiba mingi: taratibu, kwa ncha ya ulimi, bila kumwamini aliyempikia. Jina, sawa. Umri, arobaini na sita, sawa, ingawa uliwahusu nini? Uzoefu, miaka ishirini na miwili kwenye meza ya kukatia nguo. Kisha, chini kabisa ya ukurasa wa pili, pale ambapo jicho limeshachoka na mkono umeshazoea kujaza, akakutana na kisanduku kilichoandikwa: Mshahara unaotarajia.

"Haa," akakiambia kimoyomoyo. "Kumbe umejibanza huku."

Nyuma ya dawati alikaa mama mmoja wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Ndiye aliyepokea waombaji kazi wote wa kiwanda kile cha sare, na wafanyakazi walimwita Mama Fomu, ingawa si mbele yake.

"Umemaliza, mama?"

"Bado mahali pamoja tu."

Mama Fomu akachungulia. "Ah, hapo! Andika tu chochote."

Hilo "tu" lilimtekenya Chaki mbavu. Alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba mtu akikuambia andika tu, weka sahihi tu, njoo tu tutaongea, basi kuna mlango unafungwa nyuma yako polepole usisikie bawaba. Akachora mstari ndani ya kisanduku, akaandika pembeni: Tutazungumza. Akarudisha fomu kwa tabasamu pana. Mama Fomu akalitazama lile neno, akamtazama mwenye neno, akavaa miwani akalitazama tena.

Si kwamba Chaki alizaliwa na shaka. Alifundishwa, na ada alilipa. Katika kazi yake ya kwanza, alipoulizwa anataka ngapi, alitaja hata kabla hajakalia kiti. Mwenye karakana akatabasamu haraka mno, akampa mkono. Miezi minane baadaye akagundua kwamba jirani yake mezani, mtu aliyekuwa akikata mikono miwili yote ya kushoto, analipwa nusu tena juu yake. Kazi ya pili akaapa kufunga mdomo. Akaufunga kweli. Akaanza kazi, akafanya wiki mbili, ndipo akaenda ofisini kuuliza bei. "Ulikuja bila bei," akajibiwa, "tukadhani umekuja kwa mapenzi." Akacheka, kwa sababu ilichekesha, kisha akakaa hapo miaka kumi na mmoja kwa mapenzi hayo hayo. Mpaka leo analipwa elfu mia nne kwa mwezi, na msimamizi wake ni kijana ambaye Chaki mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mkasi.

Kwa hiyo alijua kusema mapema kunavyouma, na kuchelewa kunavyouma. Katikati hapo palikuwa na wakati wake hasa, naye hajawahi kuukamata.

Na safari hii ilikuwa ya mwisho. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeanza kulia kila akifunga mkasi, na daktari alimwambia kinaweza kumvumilia miaka mitano, sita akikibembeleza. Hakuna atakayemwajiri tena akiwa na miaka hamsini na mkono uliofungwa bandeji. Tena shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa dereva wa lori la kiwanda hiki na ndiye aliyemletea habari ya nafasi hii, alimweleza kwamba hapa nyongeza za kila mwaka huhesabiwa juu ya mshahara wa kuingilia. Ukiingia chini, utazeekea chini. Pesa atakayokubali sasa ndiyo atakayoondoka nayo.

Meneja alimpokea kwa mikono miwili. Hilo nalo Chaki akaliweka akiba. Alikuwa mtu mnene kiasi, mwenye sauti laini kama hariri, ofisi yake imejaa vitabu vya sampuli za vitambaa. Akaagiza chai. Chai ikaja na biskuti mbili. Chaki akaitazama chai, akazitazama biskuti, akajiuliza ni ipi kati yao iliyotumwa.

"Karibu sana, mama. Shemeji yako anakusifu mno! Kwanza niambie, kule ulipo wanakulipa kiasi gani?"

Ndiyo hiyo. Ilikuja hata sukari haijayeyuka.

"Meneja," akasema Chaki, "fundi hataji bei kabla hajaona kitambaa."

Meneja akacheka mpaka kikombe kikagonga kisahani. "Hodari! Basi twende ukakione."

Ukumbi wa kukatia ulikuwa mrefu, na katikati yake meza ya mita kumi na mbili, uso wake umelainishwa na viganja vya miaka. Juu yake kilitandazwa kitambaa cha buluu cha makoti ya wauguzi, kutoka ncha hadi ncha. Pembeni alisimama mzee mwembamba aliyejichomeka pini kwenye ukosi wa shati kama askari aliyejaa nishani. Huyo ndiye mkataji mkuu. Angestaafu baada ya miezi miwili, na nafasi iliyotafutiwa mtu ilikuwa yake. Wenzake walimwita Mzee Pini.

"Makoti matano," akasema Mzee Pini, akimkabidhi vielelezo vya karatasi ngumu: migongo, vifua, mikono, kola, mifuko. "Sisi hula kitambaa chote hiki, mita kumi na mbili. Wewe panga unavyojua."

Na hapa lazima ielezwe, kwa wasiowahi kusimama kwenye meza hiyo, kwamba ukataji si mkasi. Mkasi hata mjomba wako anaweza kuufunga na kuufungua. Kazi ni kupanga: kulaza vile vielelezo juu ya kitambaa, kuvigeuza, kuvisogeza, kupachika kola kwenye mwanya wa kwapa na mfuko kwenye mwanya wa shingo, bila kupindisha uzi, mpaka kitambaa kisibaki na pa kupumulia. Ukishapanga unachora kwa chaki. Chaki ukikosea unaifuta. Mkasi ukikosea, unaenda kumweleza mwenye mali.

Chaki akakitoa kipande chake cha chaki nyuma ya sikio, kilikokaa miaka mingi hata mama yake mzazi akasahau jina alilompa. Akazunguka meza mara mbili bila kugusa kitu. Kisha akaanza. Kwa saa moja na robo hakusema na mtu. Mikono ya koti akailaza kinyume, mmoja kichwa juu, mwingine kichwa chini, kama watoto watano kwenye kitanda kimoja. Alipoinuka, michoro myeupe ilikuwa imejaza buluu yote mpaka mahali fulani, na baada ya hapo kitambaa kilikuwa kitupu.

Mzee Pini akapima kitupu kile kwa futi yake. "Mita moja na robo," akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba asiohusika nao. Akainama ukingoni kana kwamba anaokota uzi.

Meneja akasogea. Hakucheka sasa. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, na Chaki, ambaye aliwahi kuona midomo ya namna hiyo, alijua inapiga hesabu: makoti matano, mita na robo, makoti elfu moja kwa mwezi, mita mia mbili na hamsini.

"Vizuri, vizuri sana," akasema Meneja. "Basi mama, wewe nenda kapumzike, tutakuita. Hivyo viache hapo hapo vilivyo. Nataka tu wakubwa wavione."

Tena hilo "tu".

Chaki alilijua. Miaka mitatu nyuma alifanya jaribio kama hili kwenye karakana nyingine, akaacha michoro yake mezani, akaambiwa ataitwa. Hakuitwa. Ila baadaye alikutana na sare zao dukani, akageuza moja ndani nje, akaukuta mfuko una pembe ile ile iliyopunguzwa ili uingie kwenye mwanya wa kwapa. Ujanja wake mwenyewe, umetundikwa kwenye henga, unauzwa.

Akakusanya vielelezo, akavipanga vizuri kwa ukubwa, akamkabidhi Mzee Pini. Kisha akachukua brashi iliyoning'inia mguuni mwa meza, na kabla mtu hajamaliza kusema "mama", akaisugua ile buluu kutoka ncha hadi ncha. Vumbi jeupe likapanda. Meneja akakohoa. Saa moja na robo ikayeyukia hewani, ikatua kwenye viatu vyake.

"Samahani," akasema Chaki, akipangusa mikono. "Nyumbani nilifundishwa nisiondoke nikaacha meza chafu."

"Umefuta?" Jioni hiyo Shemeji alisimama katikati ya sebule ya nyumbani kwake, kijiko mkononi. "Umefuta! Mke wangu, msikie mdogo wako. Kafuta!"

"Nimesikia," akasema dada mtu kutoka jikoni. "Hata majirani wamesikia."

"Shemeji, watu wanakupa kazi, wewe unawapa vumbi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame!"

"Kuinama nainama, shemeji. Ila nikiwa nimeinama napenda kujua nani kasimama nyuma yangu."

Dada akacheka jikoni. Shemeji hakucheka. Alikula kwa huzuni ya mtu aliyeahidi kitu mahali fulani. Chaki akaliona hilo, lakini akalipita, kwa kuwa Shemeji alikuwa mtu mwema na wema wake ulijulikana mtaa mzima.

Jumanne jioni Shemeji akarudi na bahasha, akiibeba kwa vidole viwili kama keki. "Nimepewa niilete mwenyewe," akasema, anang'aa. "Wamekuchukua! Pamoja na vumbi lako."

Chaki akaifungua juu ya meza ya chakula. Karatasi moja, mhuri mmoja. Tunayo furaha, na kadhalika. Majaribio miezi mitatu, na kadhalika. Mshahara: mia nne na ishirini. Rudisha ikiwa na sahihi kabla ya Ijumaa.

Akausoma mstari wa mshahara, karibu aunuse. Mia nne na ishirini. Si mia tano, tarakimu nzima ya kiungwana. Si mia tatu, ya dharau. Ilikuwa kama nguo iliyoshonwa na mtu aliyekupima ukiwa usingizini.

"Kuna mtu kawaambia ninacholipwa," akasema.

"Nani tena?" dada akauliza.

Chaki akaanza kuwapanga mmoja mmoja kama vielelezo. Mama Fomu angeweza kupiga simu kiwanda cha zamani; miwani ile haikuwa ya bure. Yule kijana msimamizi angeweza kuropoka, maana angefurahi kumwona anaondoka na kumbukumbu zake za kumfundisha. Karani wa dirisha la mishahara, yule anayehesabu kwa sauti. Kila mmoja akamwona ana mwanya ambao shaka ingeingia.

"Shemeji, na wewe kwa kushuku!" Shemeji akasema, akimpa kalamu. "Hata wangejua, kwani kosa? Si wameongeza ishirini juu?"

Bomba la jikoni likafungwa.

"Juu ya nini, shemeji?" akauliza Chaki polepole.

"Juu ya... ya ile..."

"Mimi sijawahi kukutajia."

Dada akatokea mlangoni akijifuta mikono kwenye kanga. "Nilimtajia mimi," akasema. "Kitandani, mdogo wangu, kama mke na mume wanavyoongea. Sikumtuma akatangaze."

"Sikutangaza!" Shemeji akalia. "Meneja aliniuliza tu, wiki moja kabla hujaenda, tunapakia mizigo. Nikaona nikisema ngapi, angalau hawatakuogopa. Nilikutetea! Niliwaambia, shemeji yangu ni fundi hasa, tena hana makuu. Mkimpa kidogo juu ya mia nne atakuja mbio."

Chaki akamtazama, na kitu kikamjia katikati ya hasira na kicheko. Alimshuku kila mtu mwenye dawati, mwenye miwani, mwenye biskuti. Kumbe bei yake ilishakatwa kwenye lori, kabla hajaonekana, na mtu aliyempenda. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndizo kazi yake.

"Kalamu yako," akasema, akiirudisha. "Nina yangu."

Alhamisi aliomba ruhusa ya nusu siku kazini kwake, akaenda na barua isiyo na sahihi. Hakupitia ofisini kwanza. Alipitia ukumbi wa kukatia.

Meza nzima ilikuwa nyeupe. Michoro ilichorwa, ikafutwa, ikachorwa tena, mpaka buluu ikawa kijivu. Mzee Pini alikuwa ameinama juu yake, futi shingoni, jasho puani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuona."

Mzee Pini akamwonyesha ukingo wa kitambaa. Pini moja yenye kichwa chekundu ilikuwa imechomekwa pale, mita moja na robo kutoka mwisho. "Nilikuwekea siku ile. Kabla ya brashi yako. Ulipoishia ndipo hapo." Akanyoosha mgongo, ukalia. "Siku tatu naambiwa nifike kwenye pini. Napita kila mara. Nikibana mikono, kola zinakosa nafasi. Nikiweka kola, mifuko inaning'inia nje kama ulimi wa mbwa."

Basi shaka yake haikuwa wazimu. Wangefika kwenye pini, barua hata isingeandikwa. Chaki akafurahi kwa sekunde moja, kisha shaka ikamgeukia huyo huyo aliyemwambia.

"Kwa nini unaniambia, mzee?"

"Kwa sababu nilipoingia hapa nilisaini kwanza, nikaahidiwa tutaongea baadaye," akasema Mzee Pini. "Mwaka wa kumi na tisa sasa. Bado nasubiri kuitwa."

Akachomoa ile pini nyekundu, akampa.

Ofisini palikuwa na chai tena. Chaki hakukaa mpaka alipoalikwa, na alipokaa akaiweka barua mezani, na juu ya barua akaiweka pini. Mama Fomu, aliyekuja na faili, akavaa miwani.

"Nimeona kitambaa," akasema Chaki. "Sasa nataja bei. Mia sita."

Meneja akafungua macho kwa upole. "Mama, mia sita! Kule unalipwa mia nne. Tunajua."

"Najua mnajua. Najua na aliyewajuza, na leo hapati chakula cha jioni. Lakini mia nne ni bei ya meza ile. Kule hakuna mtu aliyehangaika siku tatu kufikia pini."

Meneja akaitazama pini. Sauti ikawa hariri mara mbili. "Tufanye hivi. Saini hii ya mia nne na ishirini, uanze Jumatatu. Miezi mitatu ya majaribio ikiisha, tutakaa tuzungumze. Neno langu."

Chaki akaisikia ile bawaba. Huu ndio wakati wenyewe, akajiambia, na mapigo ya moyo yakahamia kwenye kifundo cha mkono. Wameshamtaka, na yeye hajawa wao. Jana ilikuwa mapema. Kesho kutwa itakuwa mapenzi.

"Meneja, miezi mitatu ikiisha mtakuwa mmeshaisoma chaki yangu yote. Mtazungumza na nani? Sasa hivi bado ni chaki, tunaweza kufuta tukachora tena. Sahihi ni mkasi."

Akaongeza, kwa kuwa aliogopa, na akiogopa hutania: "Na jaribio nilishafanya. Vumbi lake bado liko kwenye viatu vyako."

Mama Fomu alikohoa, lakini kikohozi kile kilifanana sana na kicheko. Meneja akatazama viatu vyake. Kweli, kwenye mshono palikuwa na weupe.

"Mia tano na hamsini."

Chaki akaichukua pini, akaichomeka kwenye ukosi wake, akaanza kukunja barua. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kesho yake ingekuwa meza ile ile, kijana yule yule, mia nne zile zile. Kwa hiyo alikunja polepole sana.

"Mia tano na themanini," akasema Meneja, "na majaribio tunayaondoa. Zaidi ya hapo nitakuwa nakupa kiti changu."

"Kiti chako kinazama katikati, nilishakiona. Mia tano na themanini, sawa. Lakini barua ipigwe upya. Sitaki ya kukatwa kwa kalamu."

Mama Fomu akapiga upya. Chaki akaisoma mara tatu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Akaomba nakala. Akasubiri mhuri ugongwe kwenye zote mbili. Ndipo akatoa kalamu yake, na mkono uliokuwa ukilia kila akifunga mkasi ukakata mara moja.

Nje ya lango lori lilikuwa linanguruma, Shemeji amechungulia dirishani kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Je? Umepata? Wamekupa? Ngapi?"

Chaki akapanda, akafunga mlango, akaiweka bahasha ndani ya mkoba, na mkoba chini ya kwapa.

"Shemeji, niambie hata mimi tu! Juu ya mia tano? Chini? Nitamwambia dada yako peke yake."

Lori likaondoka. Chaki akakipapasa kile kipande nyuma ya sikio, bado kilikuwepo.

"Mimi sina makuu, shemeji," akasema. "Si uliwaambia mwenyewe."